Waya wa Bondeni

Makhluf alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameshika ncha ya waya uliokatika. Upepo ulikuwa umeukata katikati ya nguzo mbili, chini kabisa bondeni, mahali ambapo hapiti mtu ila yeye, akiukagua kila Ijumaa, kwa miaka kumi na tisa.

Waya huo uliuzunguka mji wote wa Safed. Ukiwa mzima, sheria ya Kiyahudi iliwaruhusu watu kubeba na kusukuma vitu nje ya nyumba zao siku ya Sabato. Ukikatika, haikuruhusiwa hata kigari cha mtoto. Wala kiti cha magurudumu cha mkewe, Freha.

Na kesho mwana wao Amram, ambaye hakuwa amekanyaga sinagogi kwa miaka tisa, angeitwa mbele kusoma Torati. Freha alikuwa ametengenezwa nywele tangu asubuhi. Alimwambia jirani kwamba mumewe asipomfikisha, atatambaa.

Makhluf alijaribu kupanda nguzo, akateleza, akajaribu tena, viganja vikachubuka. Akampigia simu fundi. Fundi alikuwa Haifa, akasema jua litazama na Sabato kuingia kabla hajafika hata nusu ya njia.

"Bwana wa ulimwengu," Makhluf akaomba, "mimi si mtu wa kukusumbua."

Waya ulibaki ulivyo, ukining'inia.

Hakuna aliyeona. Akinyamaza, mji mzima utatoka kesho bila wasiwasi, kwa kumwamini yeye. Alikaa na wazo hilo hadi miguu ikafa ganzi. Kisha akampigia rabi, akamwambia waya umekatika.

Nyumbani, Freha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuna mwingine aliyeuona?"

"Hakuna."

"Na bado ukasema."

"Nimesema."

"Miaka hamsini, mzee, hata kunidanganya hujajifunza." Hakucheka. "Nenda peke yako. Mwangalie mdomo akisoma. Uje uniambie kama mdomo wake ulitetemeka."



Nje, gari la matangazo lilipita likiwaonya watu. Freha aliwasha mishumaa, akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipomaliza, alizungusha magurudumu mwenyewe kuvuka chumba hadi mlangoni. Ya mbele yaligota kwenye kizingiti. Akabaki hapo kitini, mlango wazi, akizitazama ngazi saba zinazoshuka mtaani.