Presio ya Saa ya Misa

Delphin, teknisye wa mayi, alikuya kupima presio siku ya Mungu, saa ya misa. Akafunga kamanometre kake ku robine ya santé yetu, hospitali kadogo huku juu ya kilima. Sindano ikapanda mbio! Akasema, "Presio iko solide. Mayi itafika huku kila siku." Bale ba komite ya santé bakapiga mikono. Njo komite ikaondosha sitene, tanki yetu ya mayi ya mvula, ikaituma ku santé ya Kalunguta. Ya kazi gani tena?

Donc leo lundi, yaya yangu Kavuo, dada yangu mukubwa, iko ku meza, mutoto amekwama, docteur iko tayari kumupasua. Robine inakohoa upepo tu. Infirmière Hulda ananiambia, "Kamate, bila mayi hatumugusi. Fanya kitu!"

Nikapigia Delphin. Alikuwa Beni.

"Haiwezekane, kijana. Nilipima mwenyewe."

"Ulipima wakati batu bote bako ku misa! Nani alikuwa anafungula robine? Leo chini kote bako nafula nguo!"

"Basi fungeni vane ya chini, ile inakata mayi ya batu ba chini."

"Na funguo?"

"Niko nayo huku."

Nikashuka mbio. Kila lupango, kila kiwanja cha nyumba, robine wazi, mabeseni, povu. "Bamama, fungeni, Kavuo atakufa!"

Mama Kavira akacheka. "Muone! Amepata diplome, sasa anatafuta kazi ya kufunga robine ya batu!"

Mumoja alifunga. Nilipogeuka tu, akafungula.

Nikakimbia ku kanisa. Kengele ikilia saa ya kazi, huku kwetu ni kifo: unaacha kila kitu, unafunga robine, unaenda kuuliza. Lusenge, mulinzi wa kanisa, akanizuiya: "Wee, umelewa?" Nikamusukuma, nikashika kamba. Nikavuta, nikavuta.

Telefone ikalia. Hulda: "Inatoka! Nyembamba kama uzi. Docteur ananawa. Usiache!"

Bamama bakafika, povu ku mikono, Kavira mbele.

"Nani amekufa?"

"Bado, mama. Ni Kavuo, iko ku meza, mayi..."

"Bado? Unatupigia kengele ya kifo juu ya mutu angali anapumua?" Akageuka, anarudi ku nguo yake. Bengine nyuma yake.

Eh Nyamuhanga, Mungu wetu! Nikaacha kamba. Nikapiga kelele kwa nguvu, "Mama Kavira! Weye na nguo yako ya kunuka!"

Akasimama. Akarudi polepole, anakunja mikono ya blouse. Bote bakarudi kuangalia. Kofi ya kwanza ikanipata ku sikio. Robine yake, na ya bote benye kuangalia, ilikuwa ingali imefungwa. Nikasema ndani ya roho: piga, mama. Piga, usichoke.