Maji ya Kuchemsha

Fundi Paa alikuwa ameezeka nusu ya mtaa, na miaka yote hiyo hakuwahi kuanguka hata kutoka kwenye stuli. Siku alipoanguka, alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni kwake, sahani mkononi, mkewe akimtazama. Wenzake waliokuja kumpa pole walimcheka hadi naye akacheka, mguu wa kulia ukiwa ndani ya plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Muundi tu huo, walisema. Kabla ya mvua atakuwa juu ya mabati.

Mvua zikaja, zikapita.

Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili, alimuuguza kama mtoto mchanga. Hospitalini walisema ale vizuri na anywe maji safi, mengi. Basi aliamka kabla ya wote, akabandika sufuria kubwa na kuyaacha maji yatokote hadi yapungue, maana hakutaka hata kijidudu kimoja kimguse mumewe. Chini ya sufuria palibaki ukoko mweupe. Aliusugua, akijisemea afadhali uchafu ubaki humo kuliko tumboni mwa mtu.

Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa haujaunga. Wakamtia chuma. Chuma kikakaa vizuri, mfupa ukabaki na ufa wake. Mama Pacha akaanza kumshuku mumewe kwamba yeye akitoka tu, bwana anakanyagia mguu huo kwa siri. Wakanuniana wiki nzima kwa hilo.

Daktari mpya wa mifupa, mwanamke mpole, aliitazama picha ya eksirei, kisha akamwomba mgonjwa afungue mdomo. Akamgeukia Mama Pacha, akamwomba naye aonyeshe meno. Akauliza wanakunywa maji gani. Ya kisima kirefu cha mtaani, wakamwambia, kile cha pampu, tangu utotoni. Akawaeleza taratibu kwamba maji ya chini ya ardhi kwingine huwa na floraidi nyingi mno. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na mtu akiinywa miaka na miaka huingia hadi kwenye mifupa. Pichani mfupa unaonekana mweupe, mnene, mtu akadhani ni imara, kumbe unavunjika upesi na huenda ukawa mgumu kuunga. Hakuwa na hakika kwamba hiyo ndiyo sababu yote, alisema, ila wagonjwa wa namna hii kutoka upande wao alikwisha kuwaona wengi.

"Lakini mimi nayachemsha, daktari," alisema Mama Pacha. "Kila siku. Nayachemsha sana."

Daktari aliiweka picha mezani. "Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Floraidi haiondoki. Maji yakipungua, yenyewe inabaki yote kwenye hayo machache."

Walirudi polepole, Fundi Paa akisimama kila mara kupumzika juu ya magongo. Karibu na nyumbani alimwambia mkewe asijilaumu, angejuaje. Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Laiti angemfokea.

Wakajaribu. Akiwa kitini, fundi alimwelekeza mkewe namna ya kufunga mifereji kwenye paa na kukinga maji ya mvua kwa mapipa. Yaliwafaa kwa muda. Kiangazi kilipoingia mapipa yakakauka. Muuza maji wa mkokoteni, alipoulizwa anachota wapi, alinyoosha kidole kule kule kisimani. Wazee wa kamati ya maji walimsikiliza Mama Pacha hadi mwisho, kisha wakamuuliza watu wahamie kisima gani.

Katikati ya kiangazi hicho, fundi akitoka kitandani kwenda kitini, mguu ulivunjika tena, kandokando ya chuma. Safari hii hospitalini hakuna aliyetaja kupona. Walizungumzia kiti cha magurudumu.

Tangu hapo alishinda sebuleni akisikiliza nyundo za mafundi wengine. Mwanzoni alikuwa akisema nani anapigilia misumari ovyo. Baadaye akaacha.

Mchana mmoja pacha walirudi kutoka shule, jasho likiwatiririka. Mama yao alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo kutoka kisimani.

"Mama, tupe maji," alisema mmoja.

Mama Pacha alisimama na kikombe mkononi, akamtazama mumewe. Fundi Paa aligeuzia uso ukutani.

Akawachotea.