Samadi Isiyopoa

Katika bustani ile hapakuwa na mtu aliyeijua samadi kumshinda mke wa seremala. Alisema hivyo mwenyewe, tena kwa sauti, na waliomsikia ni kuku tu, nao hawakumpinga.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo ameinama juu ya tuta. Miche ya nyanya imejikunja, ncha za majani zimebabuka kana kwamba mtu amezipitishia kijinga cha moto. Akafukua kidogo penye shina. Udongo ulikuwa na vuguvugu, na harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Samadi ya kuku aliyoitia juzi ilikuwa bado mbichi, inapika mizizi chini kwa chini kama maharage.

Mama mkwe alikuwa anarudi leo kutoka kumuuguza dada yake. Siku ya kuondoka alimwachia neno moja, refu kidogo: "Mwanangu, biwi la samadi lisiguswe kabla ya kupoa. Nimechomeka fimbo katikati. Ichomoe, ishike kiganjani. Ikiwa na joto, achana nalo. Miche hii ikifa, bustani nampa wifi yako."

Wifi! Katika nyumba ile jiko lilikuwa la wifi, sebule ya mama mkwe, na mume alikuwa wa wote. Bustani peke yake ndiyo iliyokuwa yake.

Akamwaga ndoo ya maji, akakimbilia nyingine. "Amkeni, jamani," akainong'oneza miche. "Msiniue mimi." Mche mmoja ukalala kabisa. Mara lango likalia.

Mama mkwe akaja polepole, akiegemea fimbo yenye ncha nyeusi. Hakuuliza habari za nyumbani. Alilitazama tuta, mche kwa mche.

"Shikamoo, mama. Jua la siku hizi kali mno."

"Marahaba. Jua limechagua nyanya tu, bamia za jirani likaziruka?"

"Labda wadudu, mama."

"Na samadi, uliipima?"

"Haki ya nani tena! Fimbo niliichomoa kwa mkono huu huu. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungi."

"Halafu ukaiweka wapi?"

"Nikairudisha pale pale katikati ya biwi. Ipo mpaka sasa."

Mama mkwe akaiinua ile fimbo aliyokuwa akiiegemea, akaikwangua ncha kwa ukucha. Samadi kavu ikapukutika.

"Siku ile naondoka goti lilinikaza hapo langoni. Wewe ulikuwa ndani. Nikarudi kwenye biwi, nikaichomoa nitembelee." Akamshika mkono taratibu. "Twende basi, mwanangu, ukanionyeshe hiyo yako."