Mchezo wa Sikukuu ya Mfalme

Mchanga wa kiwanja ulikuwa umeshika moto, na Biasha aliuvuka kwa mikono. Miguu yake, iliyonyauka tangu utotoni kwa homa, ilimfuata nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Alipofika kwenye mstari aliketi, akapangusa viganja kwenye khanga, akapokea mpira wa matambara ambao mwalimu Dionis aliujaza kokoto ili uwe mzito.

"Usirushe kwa mkono," Dionis alimwambia. "Rusha kwa kiuno. Kiuno unacho."

Aliurusha. Ukaanguka karibu.

"Tena."

"Mwalimu, tangu jana nimekula mara moja tu."

"Tena, kisha tutapumzika."

Ilikuwa Kilwa Kivinje, mwaka 1951. Nyuma ya boma palikuwa na ghala la zamani la mkonge, na humo serikali iliwaweka wasiojiweza wa wilaya, ikawapa posho ya unga isiyotosha. Asubuhi Dionis alifundisha shule ya misheni. Alasiri alikuja hapa, bila kulipwa. Wakati wa vita alikuwa mhudumu katika hospitali ya askari, Nairobi. Huko alimwona mzungu mmoja akiwafundisha askari waliokatwa miguu kuogelea, kurusha, kukimbia kwa mikongojo. Watu walioletwa wakiomba kufa waliondoka wakibishana nani alimshinda mwenzake. Dionis aliuliza kazi ile husomewa wapi. Uingereza, aliambiwa.

Tangu hapo hakutamani elimu nyingine. Alitaka kuisoma mpaka mwisho wake, arudi awafundishe walimu, ili kila shule ipate mahali pa mtoto kama alivyokuwa Biasha, ambaye kule Mitole alikataliwa darasani kwa sababu hakuweza kusimama mstarini.

Mwezi wa tano ofisa wa elimu, mzungu kijana, alikuja kutoka Lindi. Alisimama pembeni akamtazama Kondo, askari aliyeacha mguu Burma, akikimbia kwa mikongojo miwili.

"Nani alikufundisha haya, Dionis?"

"Niliyaona vitani, Bwana. Mengine nimeyabuni. Lakini nafika mahali nakwama. Sijui misuli inafanyaje kazi ndani. Naogopa kumuumiza mtu."

"Ipo nafasi moja ya masomo Uingereza. Miaka miwili." Ofisa alitabasamu. "Sikukuu ya Mfalme tutakuwa na wageni wakubwa. Waonyeshe hawa watu wako. Mimi nitasema nao."

Siku hiyo Dionis alichelewa kula chakula cha mchana mpaka kikapoa. Mkewe, Brigita, alimuuliza ana nini. "Nitasoma," alisema, na uso wake ukawa kama wa kijana.

Sikukuu ilipofika, uwanja ulijaa. Wageni walikaa kivulini na vinywaji, Liwali pamoja nao. Dionis alipuliza filimbi. Kondo na wenzake wakaondoka kwa mikongojo, kifua mbele, kama walivyofunzwa. Katikati ya njia mkongojo wa Kondo uliingia shimoni, akaanguka kifudifudi.

Mgeni mkubwa alicheka. Liwali akacheka. Uwanja mzima ukafuata. Kondo akainuka haraka, akateleza, akaanguka tena, na kicheko kikapanda mpaka mgeni akavua miwani kufuta machozi. Dionis alimtazama mgeni huyo usoni, akijaribu kujua kama amependezwa. Kwa upande wa pili Biasha alikuwa amekwisha kurusha.

Baadaye, akikusanya vitu, Dionis aliukuta mpira nyuma ya mlingoti wa bendera, mbali kuliko ulivyowahi kufika. Kondo alikuwa amepewa blanketi na pakiti ya sigara.

Wiki iliyofuata Dionis alikwenda Lindi.

"Ile nafasi amepewa Leonadi," ofisa alimwambia.

"Leonadi anafundisha mpira wa miguu, Bwana."

"Ndiyo. Atasomea michezo. Wewe hatuwezi kukuachia. Bwana Mkubwa, yule mgeni wetu wa sikukuu, ameupenda sana mchezo wa viwete. Anautaka kila mwaka. Nani atauongoza ukienda?"

"Haukuwa mchezo wa kuchekesha."

"Lakini watu walifurahi."

Dionis alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia akae. "Basi, Bwana, mimi naacha. Nitabaki na shule yangu tu."

"Unaweza. Hakuna anayekulazimisha." Ofisa alifungua dirisha, joto lilikuwa kali. "Ila posho ya ghala imeongezwa kwa ajili ya mchezo. Nilipigania mwenyewe. Mchezo ukifa, sitakuwa na la kuwaambia wakubwa. Hata ghala lenyewe lina watu wanaolitaka."

Unga ukaongezeka kweli. Mara mbili kwa wiki kukawa na maharage. Kondo alinenepa mashavu. Mfalme akafa, sikukuu ikawa ya Malkia, na ofisa akaleta agizo jipya: safari hii wavalishwe kofia nyekundu za karatasi.

Siku yenyewe Biasha hakutoka. Dionis alimkuta ghalani peke yake, kofia ipo sakafuni.

"Dada Biasha, wanakungoja."

"Wanangoja nini kwangu?"

Dionis alitazama mlangoni. Ngoma ya beni ilikuwa imeanza kupigwa uwanjani. "Wakikukosa, watauliza. Wakiuliza, unga..."

"Habari ya unga naijua. Naula kama wenzangu." Alijivuta akakaa sawa. "Mwaka jana nilirusha kwa kiuno, kama ulivyonifundisha. Ule mpira ulikwenda, mwalimu. Mimi mwenyewe niliogopa. Nikageuka kukutafuta. Uliuona ukienda?"

Alitaka kusema ndiyo. Alichokiona siku ile ni uso wa mgeni tu.

 Biasha akaokota kofia, akaivaa, akaibana masikioni isije ikapeperuka.

"Tangulia," alisema. "Kapulize filimbi."

Dionis akatoka. Watu walipomwona mlangoni, wakaanza kucheka kabla hajaonekana mtu mwingine.