Kidonge cha Chini ya Ulimi

Benedikta aliingia zahanati akiwa amemkumbatia baba yake kiunoni, na kabla hata ya kusalimia alishafungua kichupa cha dawa.

"Sista, nisaidie kumfungua mdomo. Kifua kimembana tena."

Muuguzi Rogathe alimlaza mzee Gidahosh kitandani. Alimfahamu vizuri. Hospitali ilikuwa imempa vidonge vya kuweka chini ya ulimi kila kifua kikibana, na mara zote vilimsaidia. Safari hii jasho lilikuwa limelowesha shuka lake, lakini alikuwa amebana meno na kugeuzia uso ukutani.

"Shikamoo mzee. Mbona hutaki dawa?"



"Ni maumivu tu," Benedikta alisema. "Mpe, sista! Unasubiri nini?"

Rogathe alimpima presha. Ilikuwa chini kuliko alivyotegemea. Kidonge kile kimetokana na sukari iliyounganishwa na tindikali ya naitriki. Kikiingia mwilini kinavunjika, kinatoa gesi inayolegeza mishipa, na moyo unapata nafuu. Ila kuna dawa nyingine inayozuia mishipa isirudi kukaza. Zikikutana mwilini, presha inaporomoka na mtu anaweza kukata roho pale pale. Rogathe akakumbuka kuwa mzee alikuwa ameoa mke mwingine baada ya mavuno.

"Benedikta, tupishe kidogo."

"Nimwache baba anakufa?"

"Tupishe, tafadhali. Na kichupa niachie."

Mlango ulipofungwa, Rogathe aliinama karibu na sikio la mzee. "Nakuuliza kama muuguzi. Umetumia dawa ya nguvu za kiume?"

Mzee alifumba macho. "Wewe ni binti. Mambo hayo siwezi kukuambia."

"Basi usiseme. Kama ni kweli, nifinye mkono."

Vidole vyake vikafinya, bila nguvu.

"Ni jana?"

Vikafinya tena. Kisha akanong'ona, "Aliyeniuzia mnadani alisema isikutane na dawa ya moyo. Binti yangu asijue."

Rogathe alimtafunisha aspirini, akainua miguu yake kwa blanketi lililokunjwa, akapiga simu hospitali ya Katesh kuomba gari la wagonjwa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likachelewa. Alipima presha tena na tena, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Mara moja mzee aligugumia kwa maumivu, na mkono wa Rogathe ukaenda wenyewe kwenye kichupa. Akaurudisha.

Benedikta alisukuma mlango, akaona kichupa mezani. "Hujampa!"

"Sijampa."

"Kwa nini?"

Mzee alikuwa akimtazama Rogathe bila kupepesa.

"Siwezi kukuambia. Ila kingemuua."

"Dawa yake mwenyewe? Akifa, sista, umemuua wewe."

Gari lilipofika, Rogathe alipanda pamoja nao. Hospitalini alimvuta daktari pembeni, akamweleza peke yake. Daktari akawaonya wauguzi wake wasimpe dawa ile, na mzee akapona.

Lakini huku nyuma habari zilikuwa zimesambaa kwamba nesi alimnyima mzee dawa. Akina mama wa kijiji chao cha Gehandu wakaanza kumpita Rogathe bila salamu, na mmoja aliondoka na mtoto mwenye homa alipogundua kuwa zamu ni yake. Rogathe alilia siku hiyo, akiwa amejifungia stoo.

Siku ya kliniki, mzee Gidahosh alikuja akitembea mwenyewe, Benedikta nyuma yake, amenuna. Mzee hakukaa. Alisimama mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi, akamgeukia binti yake na kusema naye kwa Kidatoga, polepole, macho yake chini. Rogathe hakuielewa lugha hiyo. Aliona tu wanawake wawili wakijifunika mdomo, na Benedikta akikaa chini taratibu.

Baadaye Benedikta aliingia chumbani. Alishindwa kumtazama Rogathe.

"Sista," alisema, "nifundishe. Kabla ya kumpa kidonge, nimuulize nini?"