Kitanda cha Rangi ya Mninga

Mimi siuzi samani. Nalisema mapema kwa sababu majirani zangu wa Manzese wanadhani nina bohari mahali fulani. Nina tovuti. Inaitwa Sebuleni, na humo naeleza vitanda, makochi na makabati ya mafundi wa Keko: kipi kigumu, kipi kinalia ukikikalia, kipi ni cha kupigia picha tu. Chini ya kila makala kuna linki ya duka. Msomaji akiibonyeza akanunua, duka linanipa kamisheni. Ni kazi halali, na mjini hapa hakuna anayeijua kunizidi. Sioni haya kulisema.

Mwaka wa kwanza niliandika peke yangu. Kila Jumanne nilikuwa Keko nagonga mbao, navuta droo, nakalia makochi, mpaka mafundi wakaniita Mkaguzi. Kila makala niliimalizia kwa maneno yaleyale: nimekigusa kwa mkono wangu. Wasomaji waliyapenda maneno hayo. Wakaongezeka, maduka yakaanza kunitafuta yenyewe, nami nikafanya anachofanya kila mwenye akili: kazi ya kuandika nikampa mtu mwingine.

Mtu huyo ni Filomena wa Mabibo, mama wa watoto watatu, aliyewahi kusahihisha makala gazetini. Ana Kiswahili kitamu na hajawahi kuchelewesha kazi. Mimi nikabaki kupanga na kulipa, na tukawa tunatoa makala tano kwa wiki. Filomena hakuwa anakwenda Keko, kwani hakuna aliyemwambia aende. Aliwapigia mafundi simu, akauliza, akaandika, na mwishoni akaweka yale maneno ya kugusa, kwa sababu nilimwagiza makala zote ziishe hivyo.

Ndivyo ilivyozaliwa makala ya kitanda cha sita kwa sita. Filomena alimuuliza fundi, hicho ni cha nini? Fundi akajibu, mninga. Sasa, ukiwa umesimama Keko na vumbi la msasa linakuingia puani, unajua kwamba fundi aliyeshika brashi akisema mninga anazungumzia rangi. Aliyeshika randa ndiye anayezungumzia mbao. Kwenye simu brashi haionekani.

Bi Mwamvita wa Mbagala aliisoma makala ile akanunua kitanda, kiwe miongoni mwa vyombo vya binti yake anayeolewa. Siku ya kupeleka vyombo, kitanda kikatangazwa mbele ya wakwe kuwa mninga mtupu. Wakati wa kukiingiza ndani, mguu ukakwaruzwa na fremu ya mlango, ikaonekana mbao nyeupe. Paini, mbao laini ya bei rahisi. Mawifi wakatazamana. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mama wa bibi harusi alipaka kitanda rangi ili awadanganye wakwe.

Bi Mwamvita alinipigia simu. Nilimjibu kwa sauti ya ofisini kwamba mimi siuzi vitanda, aende dukani. Nikakata, nikaendelea na chai yangu. Kisha kitu kikanisumbua, nikafungua ukurasa wa duka. Pale palikuwa pameandikwa wazi: paini, rangi ya mninga. Duka lilikuwa limesema kweli. Niliona aibu, ile inayochoma mpaka masikioni.

Nikampigia mwenye duka, Bwana Kumail, mtu mstaarabu tuliyefanya naye kazi tangu mwanzo. Alikubali kitanda kirudishwe dukani, tena bila maneno. Kuhusu makala akanishauri niifute tu, wiki ijayo hakuna atakayeikumbuka. Filomena naye, huku analia, akaniomba nifanye hivyohivyo. Nusura niifute. Wasomaji wote wale walikuja kwa sababu ya neno langu, na neno langu ndilo lililokuwa limeoza.

Nikaenda Mbagala. Bi Mwamvita aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha mkekani, akanisikiliza nikimweleza kwamba atapewa kitanda cha mninga wa kweli na gharama itakayozidi ni juu yangu.

"Kitanda mtaleta, sawa," alisema. "Ila mie nataka jina langu, mwanangu. Wale wanasema nilijua. Wewe uliandika umekigusa. Ulikigusa?"

"Hapana, mama."

"Nani alikigusa?"

"Hakuna."

"Basi andika hivyo. Palepale nilipokusoma, na jina lako uliweke. Mawifi nao wanakusomaga."

Niliandika palepale mkekani, kwenye simu, juu kabisa ya makala. Kitanda hiki ni cha paini iliyopakwa rangi ya mninga. Duka lilisema kweli, niliyesema uongo ni mimi, Herieth Mbawala. Sikukigusa, wala hakuna aliyekigusa kwa niaba yangu. Bi Mwamvita wa Mbagala alikinunua kwa kuniamini. Linki nayo nikaitoa. Nilipomsomea, alinisahihisha: niweke na jina la baba yake, Selemani, maana Mbagala ina akina Mwamvita wengi.

Siku mbili zilizofuata sikuzipenda. Wasomaji walinicheka, wengine wakaniaga kabisa, na Bwana Kumail akasema najitafutia matatizo. Sikujuta. Filomena nikambakisha kazini, maana kosa la kumwandikisha asichokiona lilikuwa langu.

Siku ya tatu Bi Mwamvita akapiga. Mawifi walikuwa wamekuja kwake wenyewe, wameisoma, wamemwomba radhi mbele ya majirani. Nilishusha pumzi mpaka akaniuliza kama naumwa.

"Mkubwa wao yuko hapa," akaongeza. "Anataka kabati. Anauliza, lile mliloliandika mwezi uliopita, lenyewe mliliona?"

Makala mia na arobaini za Filomena zilikuwa bado zimo kwenye tovuti, kila moja na mkono wangu mwishoni. Ningeweza kusema lolote.

"Hapana," nikamwambia. "Hilo pia hatukuliona."

Bi Mwamvita akamfikishia mgeni wake jibu langu. Halafu, kwa nyuma, nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Mwambie akaliangalie kwanza. Namsubiri."