Ribiti za Swaibu na Wandera

Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, darasa la jioni la watu wazima kutoka Nakawa lilisimama chini ya daraja la zamani la reli, likikwepa matope ya mfereji. Umulkheir alikuwa amevaa buibui lake la Idi. Siku hiyo kibao kipya cha shaba kingefungwa hapo, naye alikuja kuomba jina la babu yake liongezwe. Babu huyo, Swaibu bin Fahim, ndiye aliyegongelea ribiti za daraja, zile pini nene za chuma zinazoshikanisha boriti.

Byron, kijana wa ofisi ya mambo ya kale, aliegemea boriti, akaeleza vizuri jinsi uzito wa gari-moshi unavyoshuka boriti kwa boriti hadi kwenye nguzo za mawe. Kisha akasoma kibao. Kilikuwa na jina la mhandisi Mwingereza tu.

"Na mafundi?" Umulkheir akauliza.

"Nyabo," Byron akasema kwa heshima, kama mtu amwitavyo mama, "majina yao hatuna. Hakuna ushahidi."

"Umeuegemea, mwanangu."

Umulkheir akaweka kiganja kwenye boriti ya chini, akasema Bismillahi, akalitaja jina la babu yake pamoja na la baba wa babu, kama linavyotajwa kwenye dua. Ribiti zikapata joto. Halikuwa kali, lilikuwa kama la kikombe cha chai iliyosahauliwa.

Byron akazigusa, akaitikia kwa kichwa. Akajaribu jina la mhandisi. Chuma kikabaki baridi. Akalirudia kwa sauti zaidi, akidhani hakulitamka sawasawa.

"Hata ukiliimba," akasema Rosebella, Mkenya anayeuza chai sokoni Kikuubo na kukaa dawati moja na Umulkheir. "Lakini dada, mbona za babu yako ni vuguvugu? Alikuwa mvivu?"

"Mvivu babu yako!"

"Wangu alikuwa hapahapa, kwenye tanuri."

Kila mmoja wa wanawake hao wawili alikuwa amelelewa na hadithi za babu yake peke yake, na ribiti haifungwi na mtu mmoja. Mmoja huichoma hadi iwe nyekundu na kuirusha. Mwenzake huidaka kwa ndoo na kuigonga kabla haijapoa.

Rosebella akafanya ishara ya msalaba. "Wandera wa Busia," akasema.

Ribiti zikawaka nyekundu kutoka nguzo hadi nguzo, zimenyooka kama safu ya waumini msikitini. Dereva wa gari-moshi la mizigo akapiga honi, akapita. Umulkheir alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Nyumbani Makindye walizoea kusema mzee alikuwa kibarua tu. Hakuona hata ribiti moja iliyopinda. Alhamdulillahi, akasema, na Rosebella akaitikia amina.

Byron aliomba radhi. Kibao kilikuwa kimeshachongwa na wakubwa walikuwa njiani. Akakifunga kwenye jiwe, mbali kidogo na joto. Wakubwa wakaja, wakapiga makofi, wakapigwa picha huku jasho likiwatiririka, wakaondoka.

Kibao hakijabadilishwa. Kila Jumamosi Rosebella huleta birika, akamtaja Wandera. Umulkheir humtaja Swaibu na kumsomea Fatiha. Chai huchemka juu ya boriti. Wapita njia husimama kusoma jina la Mwingereza, kisha hupewa kikombe na kuambiwa moto huo ni wa nani.